Kitanda Kilichotangulia Chawia

Ukimwuliza mtu yeyote wa Chawia ni lini Elsie alistaafu, atakujibu bila kufikiri: Februari, ile Jumamosi ya lori. Ukiwauliza waajiri wake, watakwambia hajastaafu. Na ukimwuliza Elsie mwenyewe, vuta kiti ukae, maana mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa hajui kuliko wote.

Mambo yalianza vizuri tu. Elsie alikuwa dobi katika hospitali ya serikali mjini Voi, kazi aliyoanza akiwa bado msichana mwenye kiuno. Mwezi wa sita angetimiza miaka hamsini na tano, akabidhi aproni yake, aende nyumbani na pensheni kama sheria ilivyosema. Nyumbani ni Chawia, kule juu kwenye ukungu, alikoolewa na Danson. Danson alikuwa amefariki zamani, lakini mama yake alikuwa hai, kikongwe aliyeanza kuchanganya watu na miaka, na aliyekuwa akimtunza ni Rita, dada yake Danson, yaani wifi yake Elsie.

Sasa wamama wa kanisa la pale Chawia wana utaratibu wao. Mwenzao aliyeajiriwa mjini akistaafu, hawamngoji apande mlima peke yake na mabegi kama mgeni. Wanashuka kumchukua. Wanakodi lori, wanapakia vyombo vyake, wanamwimbia njia nzima hadi mlangoni kwake, na pale uani wanamfunga kitambaa cha buluu na kumkabidhi mbuzi. Kuanzia hapo mtu huyo hapiki tena msibani. Anakaa kwenye benchi la wastaafu na kuletewa chai, na wadogo ndio wanaomenya viazi. Ni heshima kubwa, na wapo wanaoisubiri kuliko wanavyoisubiri pensheni yenyewe.

Kwa kawaida lori huenda siku ile ile mtu anapomaliza kazi. Lakini mwenyekiti wao, Mama Wakesho, mwanamke asiyezoea kubishiwa, aliwaza akaona kwamba kufikia mwezi wa sita mvua itakuwa imeiharibu barabara na lori halitapanda. Basi akaamua Elsie apokelewe mapema.

"Miezi michache ni nini?" alisema. "Wewe utamalizia tu huko chini. Sisi tukishakupokea, tumekupokea."

Nani angembishia? Lori likaja, likabeba kitanda, kabati, viti, jiko na sufuria zote isipokuwa moja. Pale uani Chawia, baada ya kitambaa na mbuzi, Rita alisimama mbele ya watu, akaushika mkono wa mama yake na kuuweka ndani ya mkono wa Elsie. "Mama Hillary," akasema, "mama ni wako sasa. Mimi nimemaliza." Wamama wakapiga vigelegele, na wengine wakalia, kwa sababu kila mtu alijua Rita alikuwa anangoja nini.

Rita alikuwa karibu hamsini na hajawahi kuolewa. Wakati wenzake wanaolewa, alikuwa anamuuguza baba. Baba alipozikwa, akabaki na mama. Halafu alikuja Muasya, fundi wa mawe kutoka Kibwezi aliyefiwa na mkewe, kujenga tangi la maji la shule, na tangi lile lilichukua muda mrefu kuliko tangi lolote lililowahi kujengwa milimani. Alipomaliza alimwambia Rita kwamba atamngoja. Wakapatana mwezi wa sita, Elsie akishapanda mlima.

Elsie akarudi Voi kumalizia miezi yake, akawa analala kwenye godoro sakafuni katika chumba kitupu kilichotoa mwangwi akikohoa. Watu kazini walimwita mstaafu kwa utani, naye alicheka. Halafu, mwisho wa mwezi wa tatu, serikali ikaongeza umri wa kustaafu kutoka hamsini na tano hadi sitini.

Aliyeisikia habari hiyo redioni ni Ajiambo, rafiki yake wa kazini, mwanamke wa kutoka Busia aliyeletwa Voi na mume wa reli na kubaki hata reli ilipoacha kuwa na maana. Wawili hao walikuwa wamekunja mashuka pamoja tangu Ajiambo alipokuwa na mimba ya kwanza, huyu ameshika ncha hizi na yule zile. Ajiambo aliingia mbio katika chumba cha kufulia, redio mkononi.

"Elsie! Wameongeza! Ati sasa ni sitini! Wewe haendi mahali!"

Elsie alikuwa ameshika shuka bichi. Alisimama nalo hivyo hivyo, maji yakimchuruzikia miguuni. Alichokisikia kifuani hakikuwa hasira wala huzuni. Kilikuwa furaha. Alifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa, na hapo hapo akaogopa, kwa sababu hakujua furaha hiyo imetoka wapi wala ilikuwa imejificha kwa muda gani.

"Kwani inanihusu?" aliuliza. "Mimi si nimeshapokelewa?"

"Umepokelewa na nani? Na serikali ama na Mama Wakesho?"

Hilo ndilo swali ambalo Elsie hakulipatia jibu siku hiyo wala wiki zilizofuata. Alimpigia simu mwanawe Hillary aliyekuwa bandarini Mombasa. "Mum, hiyo ni bahati," Hillary alisema. "Kaa hapo. Utaenda kufanya nini mlimani na una nguvu?" Jioni hiyo hiyo Rita akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha huko.

"Mama Hillary, hiyo maneno ya redio. Ni wewe pia ama ni wengine?"

"Sijui bado, wifi. Hatujaambiwa vizuri."

Siku hiyo ilikuwa kweli, hawakuwa wameambiwa vizuri. Lakini wiki iliyofuata waliambiwa. Carolyne, binti mdogo wa ofisi ya wafanyakazi, aliwakusanya waliokuwa ukingoni mwa hamsini na tano akawaeleza polepole: anayetaka kuendelea ataendelea hadi sitini, na anayetaka kwenda nyumbani aende, kwa maana mtu aliyepita hamsini anaruhusiwa kuomba kuondoka na pensheni yake ataipata. Elsie alisikiliza, akaelewa, akarudi kwenye mashine zake. Hakumpigia Rita.

Msimhukumu Elsie haraka. Hakuwa mwanamke mvivu wala mwenye roho mbaya, na alimpenda kweli mama mkwe wake. Alipokuwa bibi arusi na Danson yuko mbali kikazi, mama yule ndiye aliyemlaza kitandani kwake ili asiogope upepo wa mlimani. Danson alipokufa na watu wakaanza kulipimapima shamba kwa macho, mama yule ndiye aliyesimama mpakani na panga na kuwauliza wanatafuta nini. Elsie hakuyasahau hayo. Alitaka kumtunza. Alipojifikiria akimsongea kimanga, ule mseto wa muhogo na maharagwe, na kumwogesha, moyo wake ulikubali. Ni pale alipofikiria kuamka asubuhi Chawia, na kesho yake Chawia, na mwaka ujao Chawia, kitambaa cha buluu kichwani, ndipo alipokosa pumzi. Mjini alikuwa Elsie wa dobi, ambaye daktari mkuu mwenyewe alimsalimu kwa jina. Mlimani alikuwa mjane wa Danson. Lakini mtu anawaambiaje watu jambo kama hilo? Alijaribu kujiambia mwenyewe na hata yeye mwenyewe hakulielewa.

Basi akaacha siku zipite. Mwezi wa nne alipanda Chawia kwa mazishi ya mzee mmoja wa jirani, na hapo ndipo alipoona kwamba hakuwa amechanganyikiwa peke yake.

Alipofika alikwenda moja kwa moja upande wa jikoni kama alivyozoea, akachukua kisu, akavuta beseni la viazi. Mwanamke mmoja kijana akamnyang'anya kisu kwa heshima zote. "Hapana, mama. Wewe ulishapewa kitambaa. Tutachekwa." Elsie akanyanyuka, akajifuta mikono, akaenda kwenye benchi la wastaafu. Alikuwa hajakaa vizuri pale bibi mmoja aliyestaafu ualimu miaka mingi alipomtazama juu ya miwani.

"Elsie, si nimesikia unaendelea na kazi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Unapata mshahara?"

"Ninapata."

"Sasa hapa umekuja kufanya nini? Hapa ni pa watu wa pensheni."

Elsie akasimama tena. Hakuna aliyemletea chai, na hakuna aliyemruhusu kwenda kuichukua. Akasimama kati ya jikoni na benchi, mikono hajui aiweke wapi, hadi marehemu alipoletwa na kila mtu akalazimika kusimama kama yeye.

Baada ya kuzika, kikundi kilimkalia kikao pale pale nyuma ya boma. Swali la kwanza lilikuwa la mbuzi. Mbuzi wa mstaafu alikuwa amezaa. Je, kama Elsie hajastaafu, mbuzi arudi kwa kikundi? Na mtoto wa mbuzi je, ambaye amezaliwa Elsie akiwa mstaafu kwa upande mmoja na mfanyakazi kwa upande mwingine? Wengine walisema mama arudi na mtoto abaki. Wengine walisema hilo ni dhambi kwa mbuzi. Mama Wakesho alisema katiba ya kikundi inamjua mtu anayestaafu, na inamjua mtu anayekufa, lakini haimjui mtu aliyepokelewa kisha akaendelea na kazi, na yeye katika uongozi wake wote hajawahi kuona aibu namna hii. Kisha akamgeukia Elsie.

"Kwani huwezi kuwaambia hutaki?"

Rita alikuwa amekaa mwisho kabisa, mikono mapajani. Alikuwa anamtazama Elsie tu, na alikuwa amevaa viatu vipya. Elsie aliviona viatu vile vyeusi vya mkanda, vya mtu anayejiandaa kwa safari, na mdomo wake ukafunguka kabla hajaamua utasema nini.

"Serikali imekataa kuniachilia," akasema.

Ukiniuliza mimi, huo ndio uwongo wa kwanza mkubwa Elsie kuusema maishani mwake, na kama wengi wanaoanza uzeeni hakujua kuufanya uwe mdogo. Wamama wote waliguna. Mama Wakesho alinyanyuka, akapangusa sketi yake. Alikuwa mwanamke aliyewahi kumkabili chifu, na mkuu wa shule, na mara moja askofu. "Imekataa?" alisema. "Basi tutakwenda kuongea nayo."

Elsie alicheka, akidhani ni maneno ya msibani tu.

Walifika mwezi wa tano, siku ya Jumanne, wamevaa sare ya kanisa. Elsie alikuwa nyuma kwenye kamba za kuanikia, na aliyemwita ni mlinzi wa getini, aliyetaka kujua kama ni yeye mwenye wageni wanaoomba kwa sauti kwenye baraza la ofisi. Elsie alikwenda mbio mikono ikiwa na povu. Aliwakuta wameinamisha vichwa, Mama Wakesho akimsihi Mungu ailainishe mioyo ya wakubwa kama alivyoulainisha moyo wa Farao, ingawa kama nakumbuka vizuri, Farao hakulainika kwa urahisi. Carolyne alikuwa amesimama mlangoni kwake, amekunja mikono kifuani, hajui kama aseme amina au aite mtu.

Maombi yalipoisha, Mama Wakesho alimweleza. Alimweleza habari za mama asiyejua tena jina la mwanawe, na Rita aliyengoja tangu ujana, na mwanamume wa Kibwezi aliye mvumilivu lakini si malaika. "Mwanangu, hatujaja kupigana," alimaliza. "Tunawaombeni tu mumfungulie huyu mama aende nyumbani. Amewafulia vya kutosha."

Carolyne aliwatazama mmoja mmoja. "Lakini mama," akasema, "nani amemfunga?"

"Si nyinyi?"

"Sisi? Hapana. Akitaka kwenda anaweza kuomba hata leo. Si nilimwambia? Mama Elsie, si niliwaambia mwezi wa nne?"

Nyuso zote ziligeuka. Elsie alitaka kusema kwamba hakuelewa, kwamba Kiingereza kilikuwa kingi, kwamba alikuwa anangoja uhakika. Lakini Carolyne alikuwa amesema kwa Kiswahili, polepole, na Elsie alikuwa amekaa mbele. Povu lilimkauka vidoleni. Aliwahi kusikia watu wakisema waliona aibu hadi wakatamani ardhi ipasuke, akadhani ni usemi tu, kumbe ni kweli, mtu huitazama sakafu kabisa akitafuta ufa.

Mama Wakesho, kwa mara ya kwanza katika uongozi wake, alirudi nyuma hatua moja. Rita ndiye aliyesogea mbele, akasimama karibu na Elsie, wala hakupaza sauti.

"Mama Hillary. Unataka kuja ama hutaki?"

"Rita..."

"Mimi nauliza tu. Ukisema hutaki, sitakupiga."

"Sijui," Elsie akasema, na machozi yakamtoka. "Wifi, kweli tupu, sijui. Nikilala nasema nitakuja. Nikiamka asubuhi nikivaa aproni nasema siendi."

Rita hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa akivuta kamba, kumbe upande wa pili haukuwa umefungwa kwa chochote. "Sawa," akasema. "Wewe hujui. Lakini mimi najua." Akageuka akaenda zake getini, na wenzake wakamfuata na sare zao, bila wimbo.

Siku zilizofuata Elsie alifua vibaya. Alichanganya nguo za kijani za chumba cha upasuaji na mashuka meupe, na wagonjwa wa wodi nzima wakalalia mashuka ya rangi ya mboga. Ajiambo alimtetea kwa wakubwa, kisha akamgeukia yeye mwenyewe.

"Niambie ukweli. Kitu hutaki ni huyo nyanya ama ni mlima?"

"Si nyanya."

"Basi ni mlima."

"Na mlima nao ni wangu, Ajiambo. Nimezaa huko. Nimezika huko. Mtu anakataaje kwake?"

"Mimi kwetu ni Busia na sijafika tangu kaka yangu aoe," Ajiambo akasema. "Lakini wewe hujaniuliza. Shika shuka."

Wakakunja. Elsie aliandika kichwani ombi la kuondoka, akalifuta, akaliandika tena. Mara mbili alifika hadi mlango wa Carolyne, na mara ya pili Carolyne akamfungulia na kumkaribisha, naye akasema amekuja kuuliza kama kuna sabuni. Mwezi wa sita ukaingia. Aliposhika simu ampigie Rita, hakujua angemwambia nini, kwa hiyo akaiweka chini. Rita naye hakupiga.

Kisha asubuhi moja, mashine zikiwa zinanguruma, Ajiambo alimgusa bega na kumwonyesha mlangoni. Rita alikuwa amesimama kizingitini na vile viatu vyeusi. Mkono mmoja ulikuwa na begi. Mwingine ulimshika mama, aliyekuwa amevikwa koti zito la Chawia katikati ya joto la Voi, na anatazama mashine kwa mshangao wa heshima.

"Rita," Elsie alisema. "Kuna nini? Mama ni mgonjwa?"

"Mama ni mzima. Amekula uji njiani." Rita alimkalisha mama kwenye benchi lililokuwa ukutani, akamvua koti, akalikunja vizuri na kuliweka pembeni yake. Kila kitu alikifanya taratibu, na Elsie akatambua kwamba alikuwa ameyapanga yote haya kichwani siku nyingi. "Dawa ya macho iko kwenye hilo begi. Anaipenda chai ikiwa na maziwa mengi. Usiku anaamka kuuliza kama kuku wamefungiwa, mwambie ndiyo, atalala."

"Wifi, ngoja. Mimi niko kazini. Nina chumba kimoja. Nina godoro moja, nyinyi mlichukua kitanda..."

"Mama si mnene. Mtatosha."

"Kwa nini hukuniambia unakuja?"

"Ningekuambia ungesema hujui." Rita alisimama wima. "Mama Hillary, sikia. Wewe ukitaka kufanya kazi mpaka sitini, fanya. Ukitaka mpaka sabini, hiyo ni wewe na serikali. Mimi sikukukabidhi mlima. Nilikukabidhi mama. Watu walisikia."

Ilikuwa kweli. Miezi yote ile Elsie alikuwa ameyabeba mambo mawili yakiwa yamefungwa furushi moja, mama na mlima, na katika wanawake wote wale waliokalia vikao na kuomba na kugombania mbuzi, hakuna hata mmoja aliyefikiri kuyafungua isipokuwa huyu aliyetaka tu kwenda kuolewa.

"Muasya yuko wapi?" aliuliza, kwa sababu hakujua aulize nini.

"Stendi. Anaogopa kuja, anadhani utalia."

"Nitalia."

"Najua. Ndiyo maana nimemwacha huko."

Rita aliinama mbele ya mama yake, akamweka sawa kitambaa, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Akamwambia kitu kwa Kidawida, lugha yao ya mlimani, karibu na sikio, ambacho Elsie hakukisikia kwa kelele za mashine. Mama akaitikia kwa kichwa kama anayekubali kutumwa dukani. Rita akanyanyuka. Elsie alidhani watakumbatiana, akanyoosha mikono, lakini Rita alikuwa ameshageuka. Alitembea uani katikati ya mashuka yaliyoanikwa, haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa nyuma. Elsie aliviangalia viatu vile chini ya mashuka hadi vikapotea. Hakumwita, na hadi leo ukimwuliza jambo gani jema alilofanya mwaka ule, atakwambia ni hilo tu.

Ajiambo alizima mashine moja bila kuambiwa. Elsie alikaa benchini kando ya mama mkwe wake na kulia, kwa sauti, aproni usoni. Alimlilia Rita na ile miaka yote, na alilia kwa kuwa alikuwa ameogopa sana, na kwa aibu, na pia, kichinichini, kwa ile furaha ya mwezi wa tatu ambayo bado ilikuwapo na haikutaka kuondoka. Mama alimwangalia akilia. Kisha akaupeleka mkono wake mkavu mgongoni kwa Elsie akawa anaupapasa, juu chini, juu chini.

"Yule msichana ameenda wapi?" mama aliuliza.

"Ameenda kuolewa, mama."

"Vizuri. Alikuwa amechelewa." Mama aliwaza kidogo, akatazama mashuka, na mashine, na Ajiambo aliyejifanya anatafuta sabuni. "Na wewe, wewe ni yule wa Danson?"

"Ni mimi."

"Wewe unafanya kazi."

"Ninafanya kazi, mama. Hapa." Elsie alijipangusa pua. Alijitayarisha kwa yale maswali. Tangu mwezi wa tatu kila mtu alikuwa amemwuliza ataacha lini kazi, atapanda lini mlima, yeye ni wa benchi lipi, na hakuwahi kumjibu hata mmoja.

"Unatoka saa ngapi?" mama akauliza.

Elsie aliishusha aproni magotini.

"Saa kumi," akasema.

"Haya," mama akasema, akajiegemeza ukutani na kuweka mikono yake mapajani. "Nitakungoja."